Nafasi ya Maimouna Juu ya Kifaru

Binamu yake Papa Yassine, yule anayekaa Ubelgiji na kudhani kwamba huku saa zilisimama siku aliyopanda ndege, alituma sanduku la mchezo kwa ajili ya "ule mutoto wa mwisho". Mtoto wa mwisho ana ndevu, ameoa bibi, na yuko Lubumbashi anauza simu. Basi sanduku likabaki juu ya meza ya Papa Yassine, kwenye avenyu ya chini karibu na bandari ya Kalemie, na humo ndimo balaa lote lilimotoka.

Ndani mlikuwa na kifaru cha vita cha plastiki, kile chenye minyororo badala ya matairi, kikiwa vipande vidogo vidogo vya kuunga kwa gundi. Ukimaliza, unapata kitu chenye urefu wa mkate. Mtu mwenye akili zake angekiunga jioni moja, angekiweka juu ya televisheni, na maisha yangeendelea. Lakini Papa Yassine si mtu wa hivyo. Yeye ni karani wa bandarini, kazi yake ni kuandika mizigo inayoshuka na inayopanda, na meli za Kigoma siku hizi zinakuja zikijisikia. Kwa hiyo saa nyingi amekaa tu. Na akikaa, anakiangalia kitu mpaka kitu chenyewe kinaona haya.

Akakiangalia kifaru, akaona makosa. Vishikio vya mlango wa juu vilikuwa vimechongwa pamoja na bati, hata ukucha haupiti chini yake. Mdomo wa mzinga ulikuwa umeziba. Na pale nyuma, kwenye wavu wa kupitishia hewa ya injini, waliotengeneza walikuwa wamechora tu mistari.

"Injini itapumua wapi?" aliuliza Papa Yassine, peke yake, kwa uchungu kabisa. "Hawa watu hawana huruma?"

Akaanza kurekebisha. Vishikio alivikwangua vyote, akatia vingine vya waya wa shaba alioutoa kwenye redio iliyokufa. Mdomo wa mzinga aliutoboa kwa sindano ya moto. Mabawa ya kuzuia matope aliyakata kwenye kopo la nyanya, akayapinda kidogo ili yaonekane yamegonga mti. Kamba ya kuvutia aliisokota kwa uzi wa cherehani ya mke wake. Kutu aliipata kwenye vumbi la tofali, moshi wa ekzosi aliupata kwenye wanja wa mke wake, na vumbi la barabara ya Manono alilipata kwenye poda ya mke wake. Wavu wa injini ndio uliomsumbua. Alitafuta wavu mwembamba nyumba nzima, mpaka macho yake yakaangukia jikoni, kwenye chujio la chai.

Mke wake, Maimouna, alikuta chujio lina tundu la pembe nne kamili, limekatwa vizuri sana.

Mama Maimouna ni mwanamke wa watu, baba yake na babu yake walikuwa wafanyabiashara wa ziwa hili, na kwao hawapigi kelele kwa ajili ya chujio. Alikunywa chai yenye majani wiki nzima. Ila siku ya arusi ya mtoto wa dada yake alisukwa nywele, akatiwa hina mpaka kwenye viwiko, akavaa kitenge kipya, akaja kusimama mbele ya meza.

"Papa Yassine, unaona nini?"

Papa Yassine akainua kichwa, lenzi yake ya kukuzia vitu bado iko jichoni. Akafikiri sana, maskini, kwa moyo wote.

"Naona gurudumu la tatu limekosa bolti," alisema. "Asante, ningepitiwa."

Hapo Maimouna akamziba macho kwa kiganja chake. "Sasa niambie. Kitenge changu ni rangi gani?"

Mbu alipita, akasikika.

"Unajua kila musumari wa hii gari," Maimouna alisema, na sauti ilikuwa ya chini, jambo lililomtisha kuliko kelele. "Mimi miaka yote nalala pembeni yako. Naenda Kabimba kwa kaka yangu Chabani. Usije kunitafuta mpaka ujue unamutafuta nani."

Akaenda. Arusi alihudhuria, ndiyo, lakini kutoka arusini alipanda pikipiki ya Kabimba moja kwa moja, na hina yake.

Papa Yassine alidhani ni hasira za siku mbili. Wiki ikapita. Akapiga simu, Maimouna hashiki. Akampigia shemeji yake Chabani, na Chabani, ambaye anafanya kazi kwenye saruji na ana sauti ya mtu aliyemeza saruji, akamjibu: "Anauliza hivi: umeisha kumujua?" Halafu akakata.

Nyumba ilikuwa kubwa ghafla. Papa Yassine alikula mihogo mikavu, alilala upande wake wa kitanda bila kuvuka upande wa pili, na usiku wa manane aliamka kusikiliza kama kuna mtu anakohoa. Alimtaka mke wake arudi. Alimtaka kweli, mpaka kifua kikawa kinamuuma. Lakini amjue vipi? Mwanamume huyu katika maisha yake alikuwa na njia moja tu ya kukijua kitu: kukiunda. Kwa hiyo, msimcheke, aliamua kumuunda.

Ndani ya sanduku mlikuwa na askari mmoja wa plastiki, wa kukaa juu ya kifaru, mwenye darubini mkononi. Papa Yassine alimkata darubini, akamkata bastola, akamkata masharubu. Akamwongezea makalio kwa makombo ya plastiki yaliyoyeyushwa kwenye gundi. Akachukua karatasi nyembamba ya kufungia sigara, akailowesha, akaikunja iwe kitenge. Kazi ikaenda vizuri mpaka alipofika kwenye bega. Mtandio wake huwa anauangushia bega gani? La kulia? La kushoto? Akafungua simu atazame picha. Picha zilikuwa nyingi, na zote zilikuwa za kifaru.

Basi akatoka kwenda kuuliza.

Alianza na jirani wa ukuta mmoja, Mama Thérèse, ambaye anauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, na ambaye macho yake hayana likizo.

"Samahani, Mama Thérèse. Bibi yangu anafungaka kitambaa namna gani?"

Mama Thérèse alimwangalia kama mtu anayeangalia nyumba inaungua. "Fundo iko upande wa kushoto, juu ya sikio. Na mtandio bega ya kuume, sababu kushoto anabebaka kapu. Yesu wangu! Sasa weye unauliza ya nini?"

Akamweleza. Mama Thérèse akaja mwenyewe kuona. Akakizunguka kifaru, mikono kiunoni.

"Na bibi yako atakaa wapi?"

"Hapa juu, nyuma ya mzinga."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Gari yote ile," alisema Mama Thérèse, na uso ukabadilika, "gari yote ile, muntu mumoja? Na mimi jirani nabaki barabarani na beseni yangu?"

Hapa yafaa kuelewa kitu. Kwetu, gari linaloelekea Manono haliondoki na nafasi. Juu ya mzigo kuna mzigo, juu ya mzigo kuna watu, na juu ya watu kuna kuku. Dereva anayempita jirani yake amesimama na beseni, huku gari lina mahali pa kuweka hata kidole, huyo jina lake limekwisha. Papa Yassine alilijua hilo tangu tumboni. Akaona aibu ya kweli. Usiku huo akamuunda Mama Thérèse na beseni lake, ndagala zenyewe akizikata kwenye karatasi ya fedha ya mfuko wa biskuti, akamkalisha nyuma, upande wa kulia.

Kesho yake Bijou alikuwa mlangoni. Bijou anasuka nywele kwenye kona ya avenyu, na habari kwake zinafika kabla hazijatokea.

"Papa Yassine, kichwa ya Mama Maimouna ndiyo mimi nakijua. Nyuma ya sikio iko na kipara kidogo, kama mbegu ya boga. Ananiambiaka nikifunike. Ulikuwa unajua?"

Papa Yassine hakuwa anajua. Akamtia mke wake kipara kidogo cha mbegu ya boga, kisha akakifunika kwa msuko, na moyo ukamuuma kwa namna asiyoielewa vizuri.

"Mimi nataka mbele," alisema Bijou. "Na kioo yangu. Nyuma kuna vumbi."

Akawekwa mbele. Halafu akaja Papa Landry, bwana wa Mama Thérèse, mtu wa reli, ambaye tangu treni ianze kusuasua anajua mambo ya nyumba zote. Yeye alileta kicheko. "Mama Maimouna akicheka anajipiga paja mara mbili, halafu anafuta macho."

"Unajuaje mambo ya kicheko ya bibi yangu?" Papa Yassine aliuliza, na wivu ulimpanda mpaka masikioni.

"Ukuta ni mumoja, Papa. Ila zamani, hein. Miaka hii sijakisikia."

Hilo lilimkaa Papa Yassine kooni siku nzima. Hata hivyo jirani ni jirani. Akamuunda Papa Landry na godoro lake la sponji, akatafuta mahali, na mahali palipobaki palikuwa mbele, kando ya Bijou.

Loo! Afadhali angemfunga kwenye mnyororo. Kabla chai haijachemka Mama Thérèse alikuwa uani, kitenge amekaza kiunoni.

"Papa Yassine! Mimi nimekukosea nini? Unaniweka mimi nyuma na ndagala, bwana yangu unamukalisha na Bijou mpaka Manono? Barabara ya siku nne?"

"Lakini Mama Thérèse, ni plastiki..."

"Kama ni plastiki, basi mutoe!"

Akamtoa. Bijou naye akaja: je, yeye ana ugonjwa, hata watu wanahamishwa kando yake mchana kweupe? Papa Landry akaja akisema yeye hana neno na mtu, lakini godoro lake lilikuwa limekaa vizuri pale mbele. Kufika Jumatano uani kulikuwa na watu kuliko bandarini. Kila asubuhi walipita kuhakikisha wamekaa walipokaa jana. Aliyeamka akakuta mbuzi wa mwenzake ameegemea mgongo wake alidai haki. Papa Yassine alipinda waya akatengeneza baiskeli, alisaga makaa akajaza viroba, na juu ya mzinga, kwa ombi la Mama Thérèse, alianika nguo. Na tuseme ukweli: alifurahi. Mikono ilipokuwa na kazi, kifua kiliacha kuuma, na yule mwanamke mdogo asiye na uso alibaki amesimama pembeni ya chupa ya gundi, akingoja.

Mwisho akaja shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa, Papa Ignace, na faili kwapani. Aliingia na uzito wa mtu aliyeletewa mashitaka, akavaa miwani, akakikagua kifaru bila haraka.

"Gari inabeba watu ya avenyu yangu," alisema, "na mimi sina habari."

"Ni kitu cha kuchezea, Shefu."

"Kitu ya kuchezea yenye iko na abiria kumi na mbili." Akagonga tundu la juu, pale ambapo kamanda hutoa kichwa. "Hapa ndiyo kuna fauteuil, kiti ya mukubwa. Hapa nitakaa mimi."

"Hapo nilimpangia bibi yangu."

Ni kweli. Nyuma ya mzinga palikwisha kujaa mihogo, na tundu lile lilikuwa ndiyo nafasi ya mwisho. Papa Ignace akapumua kwa hekima ya ofisi.

"Mama Maimouna ni muntu muzuri. Goti yake ya kushoto inamusumbua mvua ikikaribia, anaburuta muguu, anasema hakuna kitu. Namuhurumia. Lakini yeye haiko hapa. Atachukua safari ya pili."

Papa Yassine alisikia neno moja tu. Goti. Hata shefu wa avenyu, mtu wa faili na mihuri, anajua kwamba Maimouna anaburuta mguu. Yeye aliyelala kando ya goti hilo alijua bolti. Aliona haya mpaka akashindwa kubisha, na Papa Ignace, alipoona hapingwi, akahesabu jambo limekwisha.

Habari zilifika Kabimba kwa namna habari zinavyofika Kabimba. Maimouna aliambiwa kwanza kwamba bwana wake anapita nyumba kwa nyumba akiuliza bibi yake anafanana namna gani. Akalia kidogo. Kesho yake akaambiwa kwamba bwana wake ameijaza gari wanawake, Bijou yuko mbele na kioo. Hapo akavaa viatu.

Alifika Ijumaa baada ya swala, juu ya pikipiki, vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Uani palikuwa moto. Papa Landry alikuwa anadai godoro, Bijou anadai heshima, Mama Thérèse anadai vyote viwili. Walipomwona, walimpisha mmoja mmoja.

Maimouna alienda moja kwa moja mezani. Akainama. Goti la kushoto lilichelewa kidogo, na Papa Yassine akaliona. Alitazama kila mtu aliyekuwa juu ya kifaru kile: Mama Thérèse na ndagala zake, Bijou na kioo, godoro, mbuzi, nguo zinakauka juu ya mzinga, shefu kwenye tundu na faili lenye ukubwa wa punje ya mchele.

"Wote mumetokea vizuri," alisema taratibu. "Mimi niko wapi?"

Papa Ignace akakohoa. "Mama, tulikubaliana utachukua ya pili."

"Mulikubaliana." Akageuka kwa bwana wake. "Na weye ulikubali?"

Papa Yassine alinyoosha mkono nyuma ya chupa ya gundi, akamtoa yule mwanamke mdogo, akamweka kwenye kiganja cha mke wake.

Maimouna akamgeuza geuza. Aliona fundo la kitambaa juu ya sikio la kushoto. Aliona mtandio. Akapapasa msuko kwa ukucha.

"Kipara ni nani alikuambia?"

"Bijou."

"Na hii muguu ya kuburuta?"

"Papa Ignace."

"Na mukono, unapiga paja?"

"Papa Landry. Alisema miaka hii hakisikii tena kicheko chako."

"Na weye mwenyewe, Yassine? Weye ulijua nini?"

"Mimi," alisema Papa Yassine mbele ya avenyu nzima, "sikujua hata kitu kimoja."

Mama Thérèse aliguna. Maimouna alikuwa amekwisha kuanza kukunja vidole ili aliponde lile dude, lakini akasimama. Akalisogeza karibu na macho.

"Mbona haina uso?"

"Uso sikumuuliza mtu."

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Niliogopa wataniambia, na itakuwa ni kweli, na mimi nitakuwa naijua kwa midomo ya watu."

Maimouna alivuta kiti, akakigeuza, akakaa mbele yake, magoti yao yakakaribia kugusana. Hakujifuta vumbi.

"Basi angalia," alisema.

Papa Yassine kwa mazoea akachukua brashi ndogo, akatafuta lenzi.

"Brashi weka chini."

Akaweka chini. Akaweka na lenzi. Akabaki na macho yake tu, na kwanza hayakujua pa kuanzia. Halafu yakaanza. Aliona nyusi moja iko juu kuliko nyingine. Aliona alama ya tetekuwanga kando ya pua, na mvi tatu chini ya kitambaa, na chini ya macho weusi mwepesi ambao wanja haukuuleta. Aliona njia mbili ambapo machozi yalipita kwenye vumbi la saruji njia nzima kutoka Kabimba. Aliona kwamba ni mzuri. Jambo hilo lilimshtua, na alitaka kumwambia mtu, lakini mtu wa kumwambia alikuwa ni huyohuyo. Maimouna alivumilia, alivumilia, mwisho akainamisha kichwa kama bibi-arusi, akasema, "Sasa inatosha, watu wanaona," na hakuondoka kwenye kiti.

Nyuma yao Papa Landry alishindwa kujizuia. Aliuliza kwa adabu, kwa sababu mwisho wa yote godoro lake lilikuwa humo: "Papa Yassine, sasa gari inatoka saa ngapi?"

Papa Yassine hakugeuza kichwa.

"Shukeni wote," alisema. "Gari imeharibika."